Kinga ya Chini ya Usukani

Korogwe,
18 Februari 2024

Mdogo wangu Ukasha,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa njia ya Mpale imekatika tena kwa mvua na shangazi Tatu hajashuka na ndizi zake, kwa hiyo tunakula za watu baki, hazina ladha. Nisalimie wifi Mwanaisha na watoto. Faraji nasikia ametolewa plasta. Nimesikia stendi, kwa wapiga debe, maana hapo nyumbani hakuna aliyeona haja ya kuniambia mguu wa mdogo wetu umeungaje.

Naandika kwa kuwa simu yako siku hizi ni ya laudi tu. Ukipokea wewe, nyumba nzima imepokea. Haya ni ya wewe na mimi. Nimempa Jonathan, yule dereva wa Kosta, akukabidhi mkononi.

Mwanangu Ikram ameposwa. Kijana anaitwa Rehani, anafundisha Bungu, mpole, hukohoa kidogo kabla ya kuongea kama mtu anayebisha hodi. Nikaha ni Jumamosi tarehe 29 Juni, baada ya Idi ya kuchinja. Nilimtuma mtu kwa mama kumpa habari. Unajua alichojibu? "Sikanyagi kwa mtu aliyechomoa kinga ya gari, mwanangu akavunjika." Basi, hakuna zaidi. Wajukuu wote wa ukoo huu mama ndiye aliyewasinga kwa liwa na mafuta, kwa mikono yake, na kuwatoa nje siku yao, hata wale wa mjomba Mustapha ambao si wa tumbo lake. Ikram ananiuliza bibi anakuja lini. Namwambia njia mbaya.

Nakuomba jambo moja, Ukasha, na sitakuomba jingine. Mwambie mama nilichokuambia siku ile.

Kama umesahau, nikukumbushe. Ulikuja gereji taa ya breki za ABS inawaka. Nikapiga goti nichomeke mashine ya kupimia, nikakuta lile tundu la chini ya usukani limezibwa. Kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pande zote, kimesokomezwa humo mpaka kwenye meno ya soketi. Nikauliza, "Hii nini?" Ukasema, "Ya mama hiyo. Toa tu, nitarudisha." Wewe ndiye uliyesema toa. Nikatoa kwa plaizi, taratibu, sikukichana, nikakupa, ukatia mfuko wa shati.

Mashine ikasoma C0200: sensa ya tairi la mbele kulia. Fundi mwingine angekuuzia sensa mkaagana. Mimi nikapiga jeki, nikalishika tairi juu na chini nikalitikisa, likacheza kama jino la mtoto. Nikakuambia, "Sensa haina kosa. Beringi imekwisha. Gari hili lisitoke hapa." Ukasema abiria wanakusubiri. Ukaondoka, kifurushi mfukoni.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mteremko wa kabla ya Sindeni, tairi lile lile, mbele kulia, mkaingia mtaroni. Na kwenye kikao cha ukoo hakuna aliyetaja beringi. Walitaja kifurushi, na mkono uliokichomoa. Nilinyamaza nikikusubiri wewe ufungue mdomo.

Bado nasubiri.

Dada yako,
Mwaija

*

Chanika, Handeni,
10 Machi 2024

Kwa dada yangu mpendwa Mwaija,

Shikamoo dada. Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili na nimefurahi kusikia mko salama. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Jua ni kali, mahindi ya kule bondeni yamejikunja kama karatasi. Ng'ombe wa Kimaren waliingia shambani kwa mjomba Mustapha, kesi iko kwa mwenyekiti, na mjomba anasema safari hii hasamehi, ingawa jana nilimwona anakunywa maziwa kwa huyo huyo Kimaren. Ramadhani ndiyo inaingia. Mwanaisha anakusalimu sana. Faraji anatembea kwa magongo, hajambo.

Habari ya Ikram imenifurahisha mno. Mwambie mjomba wake anampongeza, na huyo mwalimu nampokea kama mwanangu.

Kuhusu mama, dada, wewe unamjua. Ni mtu mzima na ana imani yake. Kile kifurushi alikiweka yeye mwenyewe tulipolileta gari nyumbani. Alikuwa anatafuta mahali pasipoonekana, akaliona lile tundu, akasema Wajapani wameacha nafasi yake kabisa. Sasa mtu wa namna hiyo utamweleza habari za beringi akuelewe?

Halafu tusitafutane makosa. Mimi sikupuuza. Kesho yake tu nilimpelekea gari fundi Isihaka wa hapa, akabadilisha alichobadilisha, akazima taa, na taa haikuwaka tena mpaka siku ya ajali. Niambie wewe fundi, gari lisilo na taa lina ugonjwa gani? Ndiyo maana watu wanasema yaliyotokea hayakuwa ya kiufundi.

Mengine tumwachie Mungu. Mama atalainika mwenyewe wakati ukifika.

Mdogo wako mtiifu,
Ukasha

*

Korogwe,
21 Aprili 2024

Ukasha,

Marahaba. Idi kwetu ilikuwa ya kawaida. Ikram alipika pilau, akatenga sahani ya bibi kwa mazoea, kisha akairudisha sufuriani. Maryamu wa jirani amejifungua mtoto wa kike. Shangazi Tatu hatimaye ameshuka, anakohoa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. "Akabadilisha alichobadilisha." Ulikuwa umekaa kwenye benchi unamtazama, na hujui alibadilisha nini? Alibadilisha sensa. Ile ile niliyokuambia haina kosa. Noah lako lilikuwa na kilomita laki mbili na arobaini elfu, linabeba kumi na mmoja pakiwa na viti vya wanane, na beringi ile haikuwahi kuguswa tangu litoke melini. Fanya hesabu mwenyewe, huhitaji mashine.

Kila wiki naletewa gari, mwenyewe anashuka na kusema, "Fundi, nizimie taa." Nawauliza, taa imewakosea nini? Kufuta namba ya kosa si kutengeneza. Ukifuta, gari limesahau tu kwamba linaumwa, na wewe umepata ruhusa ya kusahau nalo.

Sensa kazi yake ni kusema. Tairi likicheza, inasema. Fundi asiyejua anaing'oa iliyosema na kuiacha iliyooza. Nanyi hamkuwa mbali na Isihaka. Mlikaa kikao kizima, wazee wamevaa kanzu, kumng'oa aliyesema.

Unajua kinachoniuma? Kama Isihaka asingefuta, ningekuja na mashine yangu nikaichomeka mbele ya mama, namba ikatokea, nami nikaonyesha. Sasa hakuna kitu hapa duniani kinachojua nilichosema siku ile isipokuwa wewe. Nikisema mwenyewe, ni mshtakiwa anajitetea. Wakikusikia wewe, wanamsikia dereva.

Na Faraji umemwambia nini? Alipanda kiti cha mbele akiamini gari ni zima. Hilo sitalisema mimi, maana silo langu kulisema. Lakini usiniandikie tena kwamba hajambo.

Juni haiko mbali.

Mwaija

*

Handeni,
26 Mei 2024

Dada Mwaija,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na palizi, mama akapandwa na presha, tukalala naye kituo cha afya, sasa amerudi. Hakutaka uambiwe. Mjomba Mustapha na Kimaren wamepatana kwa mbuzi mmoja. Watoto wote wazima.

Barua yako ya Aprili niliisoma shambani na sikurudi nayo nyumbani. Dada, una maneno. Umekaa sana na vyuma, unadhani na watu nao wanafunguliwa kwa spana. Ndiyo maana hata shemeji alishindwa kukaa nawe, Mungu anisamehe kwa kulisema hilo.

Ngoja na mimi nikuulize. Faraji anakaa kwangu. Akiamka asubuhi kwenda uani namsikia kabla sijamwona, ule mguu mmoja unagonga, mwingine unaburuzika. Wanangu wameanza kuuigiza kwa mchezo, nimewachapa. Unataka nimkalishe mtu huyo nimwambie, nilionywa nikakupakia? Kisha jioni tule sinia moja?

Mama naye yuko kwangu. Akiugua ni mimi. Akitaka dawa ni mimi. Wewe una gereji, una jina, wanaume wazima wanakuita fundi na wanakusubiri kwenye benchi. Ukilaumiwa huku Handeni, gari zinapungua huko Korogwe? Mimi nikilaumiwa humu ndani, natokea mlango gani?

Sikuja kugombana. Nimezungumza na mama na amekubali jambo. Gari limeshatengenezwa, limetiwa beringi mpya zote mbili za mbele, linatembea. Kile kifurushi kipo, nilikitunza. Anasema aliyekitoa akirudishe kwa mkono wake, pale pale kilipokuwa, mbele ya watu wa nyumbani, na aombe radhi. Ukifanya hivyo atakuja harusini na atamsinga Ikram kama wenzake wote.

Si kitu kikubwa, dada. Ni kukisukuma tu mpaka ndani ya tundu.

Ukasha

*

Korogwe,
5 Juni 2024

Ukasha,

Marahaba. Mama kaumwa na sikuambiwa. Nimelipokea na hilo, nimelipanga pamoja na mengine.

"Beringi mpya zote mbili za mbele." Ahsante kwa kukiri kwa lugha ya vipuri. Nani alikushauri ubadilishe beringi, mganga?

Sikutaka kukujibu kabisa. Nilikaa na barua yako nikitafuta mahali pa kukataa, napo pamo katika kila mstari. Kisha jioni Ikram akiwa anachambua mchele akaniuliza, "Mama, kwani kusema samahani kuna shida gani? Bibi si mtu mzima?" Hajui kitu. Na sitamwambia, kwa sababu nikimwambia atawaona ninyi nyote kwa jicho jingine, na siku ya harusi anatakiwa awaone kwa jicho lile lile alilozaliwa nalo.

Nitakuja Jumapili tarehe 9, kwa basi la kwanza. Nitakirudisha hicho kifurushi kwa mkono wangu. Nitakisukuma taratibu ili kisikunje meno ya soketi, kwa kuwa mimi ndivyo ninavyofanya kazi, hata kazi ya kipumbavu. Nitasema, "Nisameheni kwa kuchomoa." Hayo tu. Nilichomoa kweli, kwa hiyo sitakuwa nimesema uongo. Sitasema nilimvunja Faraji, hata mama akinikazia macho mpaka magharibi.

Na ujue jambo hili. Kikiwa humo ndani hakuna mashine itakayoingia. Gari hilo likiumwa, litaumwa kimya.

Wewe nakutaka usimame pale nitakapokuona. Nikiwa nimepiga goti unitazame.

Mwaija

*

Korogwe,
7 Julai 2024

Ukasha,

Assalaam alaykum. Harusi imepita, mahema yamerudishwa, na sauti imenikauka. Baadhi ya watu sikuwasalimu vizuri, niombee radhi kwa mjomba Mustapha hasa. Ikram yuko Bungu kwa mumewe. Amepiga simu kusema kule hata maji ya kunywa yana baridi.

Mama alikuja kama mlivyoahidi. Alimsinga mwanangu kuanzia miguuni mpaka masikioni, hakuacha mahali, na alipomaliza alimfunika kwa kanga yake mwenyewe. Kisha akanishika mkono mbele ya wanawake wote akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Vigelegele vikapigwa. Nikasema ahsante mama. Ulitaka niseme nini?

Sasa nikueleze ile Jumapili kwa kuwa wewe hukuiona. Nilipokuwa nimepiga goti mlangoni mwa gari, Faraji alikuja na kigoda. Alitoka nacho jikoni hadi pale nje, kwa mguu ule. Akasema, "Kalia, dada, utaumia magoti." Akabaki amenisimamia mpaka nikamaliza, na nilipoinuka akaninong'oneza, "Pole." Yeye ndiye aliyenipa pole. Wewe ulikuwa ndani unatafuta funguo za gari, na funguo zilikuwa zinaning'inia hapo hapo kwenye usukani, karibu na shavu langu.

Nilichoahidi nimetekeleza. Harusi haipo tena ya kujifichia. Mama ana miaka sabini na mbili na presha inapanda na kushuka. Umemwacha aishi na uongo, amchukie mwanawe wa kwanza kwa uongo, halafu amsamehe kwa uongo. Huo mzigo si wa kumwekea mama mzazi. Mwambie ukweli. Akishajua, mimi sitaki tena kitu kwako.

Mwaija

*

Handeni,
28 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Huku ni wazima wote. Tumevuna kidogo. Faraji ameanza kukaa dukani kwa Kimaren, anauza dawa za mifugo, kazi ya kukaa inamfaa. Mama hajambo, anaisifia harusi kwa kila anayepita.

Nilitaka nikuache na fikra zako, lakini hukomi kunisukuma. Mama hajadanganywa.

Nilimwambia wiki ile ile ya ajali. Faraji alikuwa bado wodini. Nilimwambia yote: beringi, ulivyosema gari lisitoke, Isihaka na sensa yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema, Mwaija. Akasema, "Basi inatosha. Faraji akijua, hamtakaa nyumba moja, na mimi nitakuwa katikati yenu. Mwaija ana kwake. Yule ana kifua, atabeba."

Habari ya kifurushi aliitoa yeye kikaoni. Nakuapia sikujua kwamba atasema vile. Nilishtuka kama wewe, kisha nikanyamaza. Hata lile la wewe kukirudisha ni lake. Alisema watu wakikuona umerudisha, maneno yataisha.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nimemtwika mama uongo.

Halafu gari limeanza kuvuma nyuma, likizidi sitini. Taa haijawaka. Ukiwa na nafasi nikuletee uliangalie?

Ukasha

*

Korogwe,
18 Agosti 2024

Ukasha,

Marahaba. Ikram hajambo, amejifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi. Shangazi Tatu kikohozi kimeachia. Barua yako niliifungulia gereji, na mteja mmoja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni habari za nyumbani.

"Yule ana kifua, atabeba." Nimelirudia neno hilo nikifungua nati, nikifunga boneti, nikinawa mikono. Lina heshima ndani yake, ukilisikiliza vizuri. Kasoro yake ni moja: hakuna aliyekuja kuniuliza kama naweza. Angenikalisha pembeni, mama yangu, akaniambia, "Mwanangu, nibebee hili," ningelibeba hadi kaburini na nisingekuandikia hata mstari. Badala yake akanipigisha goti, kisha akanisamehe huku anajua. Alinishika mkono, Ukasha. Ulikuwa mkono wa moto, una mafuta ya mwanangu.

Nilinuia kupanda basi nije nimuulize. Nikapiga hesabu. Akikana, nimepoteza mama. Akikiri, Faraji amewapoteza mama na kaka siku moja, na yeye hana gereji ya kukimbilia. Popote ninapoanzia, jibu linatoka pungufu. Siji.

Gari lilete. Linalovuma nyuma likizidi sitini ni beringi tena, au tairi, na mtu anayepanda pale Misima kwenda hospitali hana kosa lolote kwenye habari zetu. Nitapiga jeki na nitasikiliza kwa sikio. Mashine sichomeki. Ukitaka ichomekwe, ukitoe hicho kifurushi wewe, kwa mkono wako, na urudi nyumbani useme umekitoa wewe. Mimi sikigusi. Ukifika upange foleni kama wengine, na usiniite dada mbele ya wateja. Niite fundi.

Mwambie mama namwamkia. Usimwambie kwamba umeniambia. Akijua kwamba najua, hatapata tena uso wa kuja kwangu, na Ikram atataka bibi yake awepo siku atakapojifungua.

Mwache aendelee kunisamehe.

Mwaija